Mpunga wa Kilombero, SARO 5 na mtihani wa chungu

Waingereza wana neno moja tu, sisi tunayo matatu. Ukiwa shambani ni mpunga. Ukishakobolewa ni mchele. Ukishaiva na kupakuliwa ni wali. Hapo hatujataja chenga, pumba, ukoko wala kiporo. Tangu nianze kufuatilia historia ya mbegu za mpunga kule Ifakara nimekuwa nikiyarudia maneno haya matatu kichwani, kwa sababu naona yanaeleza kisa kizima kuliko ripoti nyingi za wataalamu. Kwa miaka mingi kituo cha utafiti kilikuwa kinapima mpunga. Mfanyabiashara anapima mchele. Wewe na mimi, tukiwa na njaa saa nane mchana, tunapima wali. Na hawa watatu hawajawahi kukubaliana vizuri.

Kisa chenyewe ni cha mbegu inayoitwa SARO 5. Kama unakaa Dar es Salaam na jina hili ni geni kwako, usijisikie vibaya. Kuna uwezekano mkubwa umeshaila mara nyingi, tena huenda uliuziwa kwa jina la mchele mwingine wenye sifa zaidi.

Tuanze na bonde. Kilombero ni uwanda mpana ulio kati ya milima ya Udzungwa upande mmoja na vilima vya Mahenge upande mwingine. Maji yanashuka kutoka pande zote mbili, mto unafurika, unaacha matope mazuri, halafu unajirudi. Uwanda huu wa mafuriko, wenye karibu kilomita za mraba 8,000, uliingizwa mwaka 2002 katika orodha ya kimataifa ya ardhi oevu ya Ramsar. Wenyeji hawakusubiri orodha hiyo. Wandamba, watu wa mitumbwi na samaki, walikuwa wanalima mpunga huku kabla Mjerumani hajafika, na msimu ukianza familia zilihamia shambani, zikajenga madungu na kukaa humo miezi kadhaa kulinda mpunga dhidi ya ndege, nguruwe na viboko.

Sasa sikiliza majina ya mbegu zilizolimwa hapa na katika wilaya za jirani: Kisegese, Kaling'anaula, Rangi Mbili, India Rangi, Mbawambili, Afaa Mwanza, Zambia, Shingo ya Mwali, Kula na Bwana. Na mkubwa wao, Supa. Mimi nikiyasoma majina haya naona kumbukumbu za watu waliotathmini mbegu bila karatasi. Kisegese ni jina la mahali. Rangi Mbili inakwambia punje zake zikoje. Shingo ya Mwali inasifia suke linavyoinama. Kula na Bwana, hiyo sihitaji kuifafanua, inakwambia kabisa wali huu unapikwa siku gani na kwa ajili ya nani. Hakuna jina hata moja linalosema "tani sita kwa hekta".

Hili si jambo dogo. Mkulima wa bonde hakupanda mbegu moja. Alikuwa na ya kukomaa mapema kwa ajili ya njaa ya kabla ya mavuno, ya kuvumilia maji marefu kwa ajili ya shamba la chini karibu na mto, na ya kunukia kwa ajili ya wageni na soko. Akipata mbegu ngeni kwa shemeji yake wa ng'ambo ya mto, aliipanda kipande kidogo pembeni, akaitazama msimu mmoja au miwili, akaipika, ndipo akaamua. Ukiondoa kalamu na mizani, huo ndio utafiti wenyewe.

Serikali zilizofuata zilikuja na mahesabu yao. Wajerumani waliona bonde kama ghala. Katika Vita Kuu ya Kwanza Mahenge ilikuwa moja ya ngome zao za kusini na mpunga wa bonde ukawalisha askari, mpaka Wabelgiji walipoiteka Mahenge Oktoba 1917. Waingereza wakaja na pamba. Miaka ya 1930 maofisa walisukuma pamba kwa nguvu, na mwanahistoria Jamie Monson, ambaye ameandika sana juu ya bonde hili, ameonyesha jinsi mpunga na pamba zilivyogeuka ugomvi kati ya wakulima na utawala. Sababu mojawapo iko wazi kwa mtu yeyote mwenye watoto: pamba bei ikianguka huwezi kuipika.

Turuke mpaka miaka ya 1960, kwani ndipo dunia ya mpunga ilipopinduka. Mwaka 1960 ilianzishwa taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga, IRRI, huko Los Baños, Ufilipino. Mwaka 1966 ikatoa IR8. Ilikuwa mbegu fupi, yenye bua gumu, inayokula mbolea bila kulala. Hapa inabidi nieleze, maana ndiyo siri ya mapinduzi yale yote. Mpunga wa zamani kama Supa ni mrefu. Ukiupa mbolea unafurahi, unarefuka, suke linakuwa zito, halafu upepo mmoja tu wa Aprili unaulaza chini na punje zinaoza majini. Kwa hiyo mbolea kwa Supa ni kama kumpa mlevi nauli. IR8 ilisimama wima ikabeba mzigo. Asia ikashiba.

Lakini IR8 ilikuwa na aibu yake. Punje fupi nene, nyeupe kama chaki katikati, zinavunjika mashineni. Na wali wake ukipoa unakuwa mgumu. Sababu ni aina ya wanga inayoitwa amilosi, ikizidi, wali unachambuka vizuri ukiwa wa moto lakini kiporo chake ni kokoto. Kwa nchi ambayo kiporo na chai ya rangi ndicho kifungua kinywa cha nusu ya taifa, hiyo ni kasoro nzito.

Aina za ukoo huo wa IRRI zilifika kwetu, zikalimwa zaidi kwenye mashamba makubwa ya umwagiliaji. Na kwa kipindi fulani mazingira ya soko hayakumlazimisha mtu kuwaza harufu. Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC, lilianzishwa 1968, na kuanzia katikati ya miaka ya 1970 serikali ilipanga bei moja ya nafaka nchi nzima. Gunia ni gunia. Ukiwa unanunuliwa kwa uzito na mnunuzi ni mmoja, mbegu bora ni ile nzito tu. Naamini, na hili ni la kwangu, kwamba fikra hiyo iliingia mpaka kwenye daftari za watafiti. Biashara ya nafaka ilipoanza kulegezwa miaka ya 1980, na wachuuzi wakapakia magunia TAZARA (reli ilikuwa imeshapita Ifakara na Mlimba tangu miaka ya 1970), pua ikarudi sokoni. Mnunuzi wa Dar alichota mchele kiganjani, akaupulizia pumzi, akanusa. Supa ilipanda bei, mpunga mfupi wa kuzaa sana ukaitwa majina mabaya.

Kituo cha Ifakara, ambacho wengi wetu tulikijua kwa jina la KATRIN na leo ni TARI Ifakara, kilikuwa katikati ya mvutano huu. Kwa wale waliozoea kusikia Ifakara kwa habari za mbu na malaria tu, ndiyo, mji ule ule una historia nyingine ya utafiti, ya kwenye tope. Mwenzake alikuwa kituo cha Dakawa, huko huko Morogoro, kilichojengwa kwa ushirikiano na Korea Kaskazini na kupewa jina la Chollima, farasi wao wa hadithi anayeruka. Swali lililowakabili wataalamu wa vituo hivi lilikuwa rahisi kulisema na gumu kulitekeleza: unaweza kupata mpunga mfupi kama wa Ufilipino, unaozaa kama wa Ufilipino, lakini mama akifunua sufuria jirani ajue kuna nini?

Ngoja nieleze kazi yenyewe inavyofanyika, maana watu wanadhani mbegu mpya inatoka kwenye chupa ya maabara. Ua la mpunga ni dogo, na lina dume na jike ndani ya nyumba moja. Linajichavusha lenyewe. Ukitaka kuoza mbegu mbili tofauti, inabidi uwahi kabla ua halijafunguka, ukate ncha ya ganda kwa mkasi mdogo, utoe vifuko vyote sita vya chavua kwa kibano au kwa kufyonza, ukibakiza hata kimoja kazi imeharibika. Unafunika suke kwa mfuko wa karatasi. Kesho yake asubuhi unaleta suke la baba na kulikung'uta juu yake. Ukipata punje ishirini zilizoshika, umefanya kazi nzuri.

Hapo ndipo kazi inaanza. Watoto wa kwanza wote wanafanana. Wajukuu wanatawanyika: warefu, wafupi, wa mapema, wa kuchelewa, wa kulala, wa kusimama. Unachagua, unapanda, unachagua tena, vizazi sita au saba mpaka ukoo utulie na kila mche ufanane na mwenzake. Kisha majaribio ya mavuno, vipande vilivyorudiwa mara tatu au zaidi, na mbegu ya wenyeji imepandwa katikati yao kama kipimo. Unahesabu machipukizi, siku za kuchanua, urefu, punje kwa suke, uzito wa punje elfu. Unapima mavuno baada ya kusahihisha unyevu mpaka asilimia 14, la sivyo unalinganisha maji. Baadaye mbegu inapelekwa mikoa mingine, na mwishoni inapita kwa wakaguzi wa mbegu wa taifa, ambao leo ni TOSCI. Yote haya huchukua miaka kumi, pengine zaidi. Serikali zinabadilika, mfadhili anaondoka, mtaalamu anastaafu, mbegu bado iko kwenye kitalu.

Na harufu? Harufu ndiyo inayowatesa. Katika aina nyingi za kunukia duniani inatokana na jini moja lililoharibika, linaitwa BADH2. Likiharibika, mmea unalimbikiza kemikali ile ile inayofanya bisi zinukie. Jini hili hurithiwa kwa kujificha. Ukioza mpunga unaonukia na usionukia, watoto hawanukii kabisa. Katika wajukuu ni robo tu wanaonukia, na huwezi kuwajua kwa kuwatazama. Kabla ya vipimo vya vinasaba kuwa vya kawaida, mtafiti alitafuna punje moja moja, au alikatakata majani akayatia kwenye kemikali na kunusa chupa moja baada ya nyingine. Baada ya chupa thelathini pua inachoka na kila kitu kinanuka sawa. Wahindi, wenye taasisi kubwa kuliko zetu mara nyingi, walitoa basmati yao ya kwanza fupi, Pusa Basmati 1, mwaka 1989. Kwa hiyo tusiwacheke wetu kwa kuchelewa.

TXD 306 ilipitishwa rasmi mwaka 2002. Hiyo D ni ya Dakawa. Nduguze TXD 85 na TXD 88 zilitoka pia, lakini ni huyu aliyepata jina la mtaani. SARO ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya mpunga wa kunukia nusu. Mwaka 2004 S. W. Msomba na wenzake, akiwemo Kibanda na Kanyeka, waliitangaza katika jarida la IRRI, na kwenye kichwa cha taarifa waliiita ya kunukia, bila hiyo nusu. Mtaani nusu ilibaki. Napenda uaminifu wa jina hilo. Ni bidhaa chache sana zinazokwambia jinani mwake kwamba sifa yake haijakamilika.

Hata hivyo nusu ile ilitosha. Kwa mkulima, SARO 5 ni fupi kuliko Supa, inakomaa kiasi cha miezi minne, hailali, na ikipata maji na mbolea inaweza kufika tani sita kwa hekta na kupita, mahali ambapo Supa ya kutegemea mvua mara nyingi inahangaika kwenye tani mbili. Kwa mfanyabiashara, punje ni ndefu kiasi, inakubali kuchanganywa na mchele wa kunukia bila kelele (mnajifanya hamjui?). Kwa mpishi, inanukia kidogo na kiporo chake kinalika. Haikushinda mtihani wowote kwa alama za juu isipokuwa ule wa mavuno. Ilifaulu yote.

Ikaenea kweli. Kule Mngeta, kwenye shamba la zaidi ya hekta 5,000 ambalo miaka ya 1980 lilikuwa la ubia wa Tanzania na Korea Kaskazini, kampuni ya Kilombero Plantations iliingia 2008 na kulima mpunga, SARO 5 ikiwemo, na wakulima wa vijiji vya jirani wakafundishwa kilimo shadidi kwa mbegu hiyo: miche michanga, mche mmoja kwa shimo, sentimita 25 kwa 25. Wengi walizidisha mavuno. Wengine walikuwa na kesi ya ardhi na kampuni hiyo hiyo, na taasisi ya Oakland ya Marekani ilichapisha ripoti kali mwaka 2015. Mwaka 2019 kampuni ilishindwa na madeni, shamba likawekwa chini ya msimamizi. Mwekezaji kaondoka, mbegu imebaki vijijini, kwa sababu mpunga unajichavusha na mkulima anaweza kutunza mbegu yake mwenyewe mwaka hadi mwaka. Tatizo ni kwamba magunia, mashine na uanikaji wa pamoja huchanganya. Nyingi ya SARO 5 unayouziwa sasa bila lebo ni SARO na majirani zake.

Sasa nifike kwenye jambo linaloninyima raha. Kuna ugonjwa wa mpunga uitwao kimyanga. Majani yanageuka manjano yenye mabaka, mmea unadumaa, masuke yanatoka matupu. Unaletwa na virusi wanaoambukizwa na mbawakavu wadogo, na hata na mikono ya wapandaji. Kitaalamu ulionekana kwanza Kenya, karibu na Kisumu, mwaka 1966. Lakini watafiti waliolinganisha vinasaba vya virusi hao kutoka Afrika nzima, Denis Fargette na wenzake, wamefuata nyayo mpaka nyumbani kwetu: wanakadiria kwamba virusi waliingia kwenye mpunga katikati ya karne ya 19, katika milima ya Tao la Mashariki, wakashuka haraka kwenye bonde la Kilombero na nchi ya Morogoro, kisha wakasafiri na misafara ya biashara. Wanaamini hata Vita Kuu ya Kwanza iliwabeba kutoka Kilombero kuelekea kusini mwa Ziwa Nyasa, ndani ya mpunga wa kulishia majeshi. Kwa hiyo magunia yale ya Mahenge niliyoyataja mwanzo hayakubeba chakula peke yake.

Supa inaugua kimyanga. SARO 5 nayo inaugua. Bonde ambalo zamani lilikuwa na mbegu tisa, kumi, kila moja na udhaifu wake tofauti, sasa limeegemea mbegu chache zenye udhaifu mmoja, katika nyumba ya zamani kabisa ya ugonjwa wenyewe. Kinga ipo duniani. Kuna mpunga wa Msumbiji unaoitwa Gigante, na kuna mpunga wa asili wa Afrika Magharibi, vyote vina majini ya kuwazuia virusi hawa. Kazi ni kuhamisha jini hilo ndani ya mbegu ambayo watu watakubali kuila, na tumeshaona kazi hiyo inachukua miaka mingapi.

Mwanzoni mwa miaka ya 2010 kituo cha Ifakara na IRRI walitoa mbegu mbili mpya, Tai na Komboka. Zanzibar nao walichukua Supa, wakaipiga mionzi, wakatoa SUPA BC mwaka 2011. Komboka ina mavuno makubwa na harufu kidogo, na jina lake ni la kukombolewa. Ilivuka mpaka hadi Mwea, Kenya, kushindana na pishori, na huko imepata serikali ya kuipigia debe. Hapa kwetu bado haijamng'oa mtu. Safari hii watafiti hawakusubiri soko liwafundishe. Waliwaita wakulima, wanaume na wanawake, mpunga ukiwa umekomaa, kila mmoja akapiga kura yake kwenye kipande anachokipenda na asichokipenda. Baada ya mavuno mchele ukapikwa na watu wakala.

Kipimo hicho naona kingepaswa kufanyika mara mbili. Jioni wali ukiwa wa moto, na tena asubuhi yake.